Namna ya kupanga bustani na viwanja vya mji mdogo pamoja na wakazi wenyewe (kabla ramani haijachorwa)

Nianze na benchi. Miaka kadhaa nyuma niliingizwa kwenye kamati ya kupanga sehemu ya kupumzikia ya mji mmoja mdogo, tukaweka benchi nne za simenti, nzuri tu, zimejipanga mstari kama darasani, zote zinaangalia barabara. Wiki mbili baadae napita pale saa tisa mchana nakuta benchi zote tupu, zimepigwa jua mpaka huwezi kuweka mkono, na hatua kama ishirini pembeni, chini ya mti, wamekaa bibi wawili juu ya boksi wamelikunjua, mmoja kavua na viatu kabisa. Nikawaamkia, nikauliza bibi mbona hamkai kwenye benchi? Mmoja akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, aliyeziweka hakuja kuzikalia."

Nilikosa la kujibu. Na mkutano wa wananchi tuliufanya bwana, mahudhurio yalisainiwa, picha zikapigwa. Ila ramani ilikuwa imeshachorwa, tulienda kuionyesha tu wapige makofi.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya yule aliyeambiwa "shirikisha wakazi" na hajui aanzie wapi, uwe ofisa wa mji, kiongozi wa mtaa, au kikundi tu cha watu mmeona kiwanja kinaliwa na magugu mkaamua kufanya kitu.

Kwanza jua nini kiko wazi na nini kimeshafungwa

Mwaka 1969 Mmarekani mmoja anaitwa Sherry Arnstein aliuchora ushirikishwaji kama ngazi ya vidato 8. Vidato viwili vya chini kabisa hata hakuvihesabu kuwa ni ushirikishwaji, ni kuwazuga watu tu. Pale katikati ndo kuna kupewa taarifa na kuombwa maoni, ila mwenye kuamua ni mwingine. Juu ndo wakazi wanashika usukani wenyewe. Nimeitaja kwa sababu moja: kabla hujaita mtu, jiulize mko kidato cha ngapi, halafu waambie watu ukweli huo huo.

Chukua karatasi moja, igawe mara tatu. Yameshaamuliwa (labda eneo lenyewe, na kiasi cha pesa). Bado hayajaamuliwa (nini kikae wapi, kipi kianze, nani atunze, geti lifungwe saa ngapi). Hatuna uwezo nayo (barabara kuu inayopita pembeni, nguzo za umeme). Isome karatasi hiyo mwanzo wa kila kikao, hata kama inakuaibisha. Watu hawakasirishwi sana na kuambiwa "hili limeshapita", kinachowakera ni kupoteza jioni nzima wakijadili kitu ambacho tayari kina mkandarasi. Na ukikuta ile sehemu ya katikati ni tupu, usiite mkutano, bandika tangazo basi, angalau hujamdanganya mtu.

Nenda ukakae pale

Hii hatua karibu kila mtu anairuka kwa sababu inaonekana kama uvivu. Nenda eneo lenyewe, asubuhi, mchana, jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko, kaa nusu saa nusu saa na daftari. Andika ni watu wangapi, wakubwa au watoto, wanaume au wanawake, wanafanya nini, na wamesimama wapi. Picha za watoto wa watu usipige, vijistari kwenye daftari vinatosha.

Angalia vinjia. Kila eneo la wazi lina kanjia kalikochongwa na miguu, kamekata nyasi kwa mshazari, na kale ndo maoni ya wananchi waliyoyatoa bila kuulizwa. Ukijenga njia yako sehemu nyingine wataendelea kupita kale kale na utaishia kuweka uzio na kugombana na watu bure. Angalia pia kivuli kinavyohama, maana kivuli cha saa tatu asubuhi sio cha saa tisa (benchi zetu tulizipanga asubuhi, unaona sasa).

William H. Whyte, mtafiti wa Kimarekani wa maisha ya mijini, alifanya kazi hii miaka ya 1970 New York, alitegesha kamera kwenye viwanja vya wazi vya mji akawa anawatazama watu tu. Alichokuta unaweza ukacheka: watu hukaa zaidi pale penye sehemu za kukalia. Na kiti kikiwa kinahamishika mtu anakisogeza kidogo kabla hajakaa, hata kama anakirudisha pale pale kilipokuwa. Mtu anataka aone pale ni pake kwa dakika zile.

Usingoje waje, wafuate walipo

Mkutano wa hadhara uwepo, sikatai, sehemu nyingi sheria yenyewe inaudai. Ila ukiutegemea peke yake utawapata wale wale, wazee wanne wenye muda, mmoja mwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja chake, na kijana anayetaka kugombea uongozi. Mama mwenye mtoto mgongoni hayupo, anayetoka kazini usiku hayupo, wasichana hawapo, na hata wakiwepo hawanyooshi mkono.

Kwa hiyo beba meza. Meza moja, ramani kubwa, watu wawili, basi. Iweke nje ya kliniki siku ya watoto, kituo cha basi, geti la shule wakati wa kutoka, nje ya nyumba za ibada watu wakimaliza, sokoni. Dakika tano kwa mtu zinatosha. Ramani isiwe ile ya mistari ya mafundi, wengi hawaisomi na wataona aibu kukwambia, chapisha picha ya kutoka angani, kubwa, halafu jambo la kwanza muombe mtu akuonyeshe kwake. Akishaipata nyumba yake kidole kinaanza kutembea chenyewe, hapa napita, hapa tulikuwa tunacheza zamani, hapa jioni sipiti.

Hiyo "hapa sipiti" ishike vizuri. Mpe stika za rangi mbili, ya kijani abandike anapopapenda, nyekundu anapopakwepa. Nyekundu ndo zitakufundisha. Sisi tulikuja kuona nyekundu zimejaa kona moja ambayo wote kwenye kamati tulikuwa tunaiona sawa tu, kumbe kuna ukuta mrefu na hakuna taa, na wote waliobandika pale ni wanawake. Kamati yetu ilikuwa wanaume sita na mwanamke mmoja ambaye, ukweli usemwe, tulikuwa hatumpi nafasi ya kuongea.

Sasa swali. Usiulize "mnataka nini". Ukiuliza hivyo watakutajia walichokiona kwenye televisheni, utapewa bwawa la kuogelea na uwanja wenye majukwaa, halafu wewe unaonekana mbaya kwa kukataa. Uliza juu ya siku yao: jana jioni ulikuwa wapi? Watoto wako wanacheza wapi, na unawaonaje ukiwa ndani? Mara ya mwisho kwenda pale lini, mlikaa muda gani, nini kiliwaondoa? Jibu la "nini kiliwaondoa" mara nyingi ni choo, kiu, jua, au giza. Hivi vinne ukivirekebisha umeshafanya kuliko bembea kumi. Na andika maneno ya mtu kama alivyosema, usimtafsirie kwenda lugha ya ofisini. "Naogopa pale kwenye ukuta" ukiibadilisha ikawa "changamoto ya usalama" haimsaidii fundi wa taa hata kidogo.

Dodoso la mtandaoni liwepo, fupi, maswali matano. Ila kumbuka linakuletea wenye simu nzuri na bando, na grupu la WhatsApp lina wasemaji watatu na wasomaji mia, kwa hiyo usije ukaleta majibu yake ukasema "wananchi wamesema".

Wale ambao hawaulizwi

Kule Vienna, Austria, miaka ya 1990, mji uligundua wasichana wakishafika miaka tisa kumi hivi wanapungua sana kwenye bustani, wavulana wanabaki. Hakuna aliyewafukuza. Ni kwamba uwanja ulikuwa mmoja mkubwa, wavulana wakianza mpira unakuwa wao wote, na msichana hawezi kila siku kugombania nafasi. Mwaka 1999 wakazipanga upya bustani mbili, Einsiedlerpark na Bruno-Kreisky-Park, wakaongeza njia za kupita, wakaweka sehemu za voliboli na badminton, wakaligawa lile eneo la wazi kwa miti na miinuko kuwa vipande vidogo. Wasichana wakarudi, na wavulana hawakuondoka.

Funzo kwa mpangaji ni kwamba wasichana uwaulize peke yao, na anayewauliza awe mwanamke. Ukiwachanganya na kaka zao kwenye kikao kimoja utasikia mpira, mpira, mpira.

Watoto wadogo nao wana haki ya kusikilizwa, sio hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 ibara ya 12 inasema wasikilizwe kwenye mambo yanayowahusu, na ya 31 inataja kucheza kabisa kwa jina. Ila mtoto usimpe fomu. Tembea naye, yeye mbele wewe nyuma, akuongoze anapopapenda. Utashangaa anaipita bembea anakwenda kwenye rundo la mchanga. Mwaka 1943 pale Emdrup, Copenhagen, walifungua uwanja wa watoto uliojaa mbao, matofali na vyuma chakavu, kwa sababu mbunifu C. Th. Sørensen alikuwa ameona watoto wanacheza kila mahali isipokuwa kwenye viwanja alivyowajengea yeye mwenyewe. Nampenda huyu mzee kwa kukubali.

Watu wenye ulemavu: nendeni nao pale pale, msiwaulize ofisini. Kanuni inayotumika sehemu nyingi kwa njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 50 unahitaji urefu wa mita 6. Hapo ndo utagundua ile njia ya fundi yenye mita mbili ni ya kuteleza. Asiyeona atakwambia habari nyingine kabisa, mfano benchi iliyokaa katikati ya njia.

Pesa ziweke mezani

Hapa watu wengi wa ofisini wanaogopa, na mimi naona ndo sehemu inayokwenda vizuri kuliko zote. Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989 walianza kuwaachia wakazi waamue sehemu ya bajeti ya mji, na mtindo huo umeigwa miji mingi sana duniani. Kwa mji mdogo unaweza ukafanya hata kwa vifuniko vya soda. Kila mtu vifuniko kumi, na mikebe imeandikwa: taa, choo, miti, bembea, njia, uwanja wa mpira. Kila kitu na bei yake ya vifuniko iliyotoka kwenye bajeti halisi, choo kinakula vinne, miti kimoja, uwanja saba.

Mkebe mmoja uandikwe MATUNZO, na hauruki mtu. Ukichagua choo unalipa na vifuniko vya kukisafisha, ukichagua miti unalipa maji ya miaka miwili ya kwanza. Huwa kunatokea ukimya pale. Nimeona mtu anaondoa mkono kwenye uwanja wa mpira taratibu, anahesabu tena, anahamia kwenye taa na miti. Hakuna hotuba ingemfikisha pale. Mikebe iwe imefungwa juu lakini, isionekane ndani, maana watu wakiona mkebe mmoja umejaa wanafuata mkumbo (na stika ni hivyo hivyo, kila baada ya watu kadhaa badilisha ramani uweke nyingine safi).

Ugomvi utakuwepo. Vijana wanataka mpira na muziki, wazee wanataka utulivu, wa nyumba za jirani hawataki mtu kabisa baada ya saa mbili usiku. Usiupigie kura, kura inampa mwenye wengi na mwenye wachache anaondoka na kinyongo. Uliza saa. Mara nyingi hawagombanii sehemu, wanagombania saa kumi na moja jioni, na hiyo inagawanyika, siku hizi hawa siku zile wale, au mpira uhamie upande wa pili wa miti.

Jaribu kwa vitu vya bei rahisi kwanza

Kabla ya simenti, chora kwa chokaa. Weka viti vya kuazima, matairi, kamba, turubai la kivuli, acha mwezi mzima, halafu rudi na daftari lako uhesabu tena vile vile. Bryant Park ya New York ilipofunguliwa upya 1992 waliweka viti visivyofungwa chini, watu wakasema vitaibiwa vyote, na mpaka leo viti vya kuhamishika ndo sura ya ile bustani. Vyako labda vitaibiwa viwili vitatu, sawa, benchi ya simenti kuibomoa ni gharama kubwa kuliko hiyo.

Rudi na majibu

Bandika ubao pale pale uwanjani, sio ofisini. Upande mmoja mlisema, upande wa pili tumefanya, au hatujafanya na sababu yake kwa maneno ya kawaida. "Mliomba bwawa, kulitunza mwaka mmoja kunakula bajeti yote ya bustani." Iandikwe hivyo hivyo. Kama kuna jina la ofisa wa kuulizwa liwepo na saa anazopatikana.

Sisi tuliandika ubao wetu kwa maka, mvua ya kwanza ikaufuta, tukaandika tena kwa rangi ya mafuta. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa: benchi mbili tumezing'oa, zimehamia chini ya mti. Mbili nyingine ziligoma kutoka, fundi alizishindilia kweli kweli, tukapanda mche nyuma yake. Mche umefika kiunoni sasa hivi, kwa hiyo zile benchi bado hazina mtu.