SOMO: Kusaka sarafu za kigeni ufukweni kwa ditekta (mashine ya kutafuta metali), hatua kwa hatua (maswali yako chini)

Wakuu salama? Swali linalorudi kila mara ni hili, mtu anatembea ufukwe mzima wa watalii na mashine ya maana, anatoka na vizibo vya soda na sarafu za nchi ileile tu, wakati wageni wanalala pale kutwa na mifuko ya kaptula iko wazi. Sarafu za kigeni zipo, ila anazipita. Mashine imelia vizuri kabisa, yeye kaangalia namba kwenye skrini kaona ni takataka, huyoo kasonga mbele. Somo lote linazunguka hapo.

KABLA YA YOTE, sheria. Kila nchi ina zake na haufanani ufukwe na ufukwe. Marekani hifadhi za taifa za pwani ni marufuku kabisa, hata kuingia na mashine iko tayari kazini ni kesi. Ufaransa kuna sheria ya 1989, ukitafuta vitu vya kale kwa ditekta bila kibali umeivunja. Uingereza wana sheria yao ya hazina ya 1996, kitu kikiangukia humo una siku 14 za kuripoti. Uliza wenye ufukwe kwanza, basi tuendelee.

HATUA YA 1, mashine. Ya masafa mamoja (frikwensi moja) inafanya kazi safi mchanga mkavu, ukishuka kwenye mchanga uliolowa inaanza kupiga kelele ovyo, sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme na mashine inayaona kama metali. Dawa ni mashine ya masafa mengi kwa mpigo, au zile za mapigo, zinazotuma umeme chini kwa mapigomapigo. Za mapigo zinazama chini vizuri ila hazikuchagulii, utachimba kila kipini cha nywele na kila ndoano ya samaki. Kwa sarafu mimi nasema masafa mengi, na hedifoni, usiende bila hedifoni maana mawimbi na upepo vinameza ile milio midogo ambayo ndiyo unayoitaka.

HATUA YA 2, muda na mahali. Nenda kipindi cha bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapwa mbali na unapata mchanga ambao siku nyingine uko chini ya maji. Fika masaa mawili hivi kabla ya maji kupwa kabisa, yafuate yakishuka, yakianza kujaa rudi nayo, usipambane na bahari.

Mchanga mkavu pita pale watu wanapotandika taulo. Kwenye mchanga wa maji ndiyo kuna utamu wenyewe. Bahari inapanga vitu kwa uzito, na baada ya dhoruba mawimbi yanakata mchanga unabaki kama ngazi, chini ya ngazi hiyo tabaka la zamani linakuwa wazi. Ukianza kuokota chubwi za wavuvi na vikokoto vizito sehemu moja simama hapohapo, hiyo ndiyo stoo, piga mistari iliyobanana huku na huku mpaka pakauke. Ukiona pamejaa vifoili na makopo tu ujue ni vyepesi vilivyotupwa juu juzi, hama.

HATUA YA 3, hii msome mara mbili. Mashine nyingi namba zake za skrini, zile zinazokisia ni kitu gani kiko chini, zimepangwa kwa sarafu za Marekani. Robo dola inasoma juu, raha mustarehe. Lakini senti tano ya Marekani hiyohiyo, ambayo ni shaba 75% na nikeli 25%, inasoma chini kabisa, eneo moja na foili, vishikio vya makopo na pete za dhahabu. Euro 1 na euro 2 ni metali mbili kwenye sarafu moja, zinaangukia katikati mahali ambapo watu wengi wamezima, yaani wameiambia mashine isilie kwa namba hizo. Waingereza ndiyo balaa, peni 1 na peni 2 tangu 1992 ni chuma kilichopakwa shaba, peni 5 na 10 tangu 2012 ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo mashine inachanganyikiwa, mara chuma mara namba ya juu. Ukizima chuma umezima nusu ya mfuko wa Mwingereza.

Kwa hiyo fungua kila kitu na usikilize. Sarafu inalia mlio mfupi, wa mviringo, uliokatika safi, na ukizunguka ukaipitia kwa upande mwingine inalia vilevile. Kizibo cha soda nacho kitakudanganya kwa namba nzuri, hapo vuta koili (ile sahani ya chini ya mashine) taratibu kuelekea kwako mpaka mlio ubaki kwenye ncha ya mbele, kizibo kikifika hapo kinakwaruza, kinaguna kama chuma. Sarafu nzuri haigunigi, inapotea tu. Zile za chuma kilichopakwa zitaguna kidogo, ndiyo maana ufukwe wa wageni nachimba na zenye wasiwasi.

HATUA YA 4, chimba kwa beleshi la matundu, chekecha, pitisha koili tena kwenye shimo kabla hujaondoka maana sarafu zikidondoka mfukoni hazidondoki moja. Fukia shimo. Kitu kirefu kizito chenye kutu kama ganda la bomu usikiguse, fukwe za Ulaya bado zinatoa mabomu ya vita vya pili, ondoka upige simu polisi.

HATUA YA 5, kutambua. Tembea na sumaku ndogo. Senti 1, 2 na 5 za euro zinanasa, 10, 20 na 50 hazinasi, euro 1 na 2 zinavutwa kidogo tu katikati. Yenye tundu fikiria Japani, Denmark au Norway, na yen 5 ya Japani haina tarakimu tulizozizoea hata moja, yote ni maandishi yao. Ikiwa nyepesi kiasi kwamba unahisi ni plastiki, pengine ni yen 1, aluminiamu tupu, gramu 1 kamili. Ukisoma HELVETIA ni Uswisi.

HATUA YA 6, usisugue! Loweka maji yasiyo na chumvi, badilisha maji kila siku, chumvi iliyobaki ndani ndiyo inayokula shaba taratibu hata ikiwa kabatini. Ukiwa na ile mashine ya kuzungusha sarafu ili zitakate, za shaba na za rangi ya fedha zisikae pamoja, za fedha zitatoka na wekundu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nimeokota kitu kama euro 2 kabisa, ila maandishi siyaelewi na mwaka ni 2551, ni feki?

Jibu: Siyo feki, hiyo ni baht 10 ya Thailand, karibu saizi moja na euro 2. Mwaka wao toa 543, unapata 2008. Na zile za Kiarabu zenye 1410 ni mwaka wa Hijria, sawa na 1989 au 1990.

Swali: Hizi hela zinabadilishika au ni mapambo?

Jibu: Maduka mengi ya fedha za kigeni hayapokei sarafu, noti tu. Kwa za zamani inategemea nchi. Mark ya Ujerumani benki kuu yao inabadilisha mpaka leo bila mwisho, sarafu na noti. Faranga ya Ufaransa sarafu ziliishia 2005, peseta ya Hispania 2021. Kwa hiyo mark tunza, peseta weka albamu.

Swali: Yangu imekuwa nyeusi tii, ndiyo fedha halisi?

Jibu: Rangi haitoshi kaka, mchanga wa bahari unazigeuza nyeusi hata zile za shaba na nikeli. Angalia mwaka. Robo dola na senti kumi za Marekani mpaka 1964 ni fedha 90%. Shilingi za Uingereza kabla ya 1920 ni 92.5%, kuanzia 1920 hadi 1946 ni 50%, tangu 1947 hamna kitu.

Swali: Na zile habari za sarafu za Kihispania Florida ni kweli au stori?

Jibu: Kweli. Msafara wa meli za Hispania ulizamishwa na kimbunga pale Julai 1715, na dhoruba bado inatupa sarafu juu. Majini kwenye mabaki ya meli usithubutu bila kibali. Halafu usitarajie duara, zilikatwa kwa patasi, zina pembepembe, za fedha zinatoka nyeusi kama kipande cha bati lililoungua, mtu anakitupa baharini palepale akidhani ni uchafu.