SOMO: Namna ya kuamua Pokémon yupi afungiwe kwenye ligi ya mtaani

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki swali ni lile lile: "Fulani amezidi, tumfungie?" Kisha varangati la siku tatu, watu wanaondoka kwenye kundi, Jumapili wanaomba kurudishwa. Naandika mara moja tu. Mtu akiuliza tena, mtumieni uzi huu.

Tunazungumzia Gen 9 OU (ligi ya kawaida ya kizazi cha tisa cha michezo ya Pokémon) ndani ya Pokémon Showdown, tovuti ya kupigania mechi, sita kwa sita, mmoja mmoja uwanjani. Wa Switch hatua ni zile zile, ila sheria mtazisimamia wenyewe kwa mdomo.

Hatua ya 1. Andikeni mnacheza ligi gani. Aliyezidi kwenye mmoja mmoja anaweza kuwa wa kawaida kabisa kwenye wawili wawili.

Hatua ya 2. Kusanyeni mechi. Ikiisha tu, andika `/savereplay`, linki iende kwenye daftari la kundi. Picha ya skrini ya zamu ya mwisho hatupokei, haionyeshi mtu alivyofika hapo. Watu 10 kila mmoja akikutana na mwenzake mara moja ni mechi 45, watu 8 ni mechi 28. Chini ya hapo mnabishana hisia.

Hatua ya 3. Tofautisheni anayependwa na anayeharibu mchezo. Smogon, jumuiya ya mtandaoni inayopanga ligi hizi, humweka mnyama OU akitumika kuanzia 4.52%. Namba hiyo haikuokotwa: ina maana ukicheza mechi 15, una nafasi nusu kwa nusu ya kukutana naye walau mara moja. Inapima nani yuko sokoni, basi. Great Tusk yuko kwenye timu kibao kwa sababu anafagia mitego (vitu kama Stealth Rock vinavyomuumiza anayeingia uwanjani) na anapiga vizuri, na hakuna anayemlilia.

Ulizeni mawili. Naweza kujiandaa dhidi yake bila kuvuruga timu nzima? Na nikijua anakuja, bado napigwa? Flutter Mane alifeli yote mawili. Base (namba ya msingi) yake ya kasi ni 135, akipandishwa mpaka mwisho anafika 405, na Special Attack nayo ni 135. Wengi hawapati hata nafasi ya kusogea. Yule hakuhitaji mjadala mrefu.

Kingambit ni kesi nyingine, na ndiye anayewagombanisha. Smogon walimpigia kura 2023, akabaki. Base yake ya kasi ni 50, anaishi kwa Sucker Punch, pigo linalotangulia, na Sucker Punch inashindwa usiposhambulia. Kwa hiyo una la kufanya: mchome kwa Will-O-Wisp, weka Substitute (kinyago cha kukukinga), mwache apoteze zamu. Upande wa pili, kipaji chake cha Supreme Overlord kinamwongezea 10% kwa kila mwenzake aliyeanguka, mwisho 50%. Hesabu hii hapa, mwenye Attack iliyojazwa na Adamant (tabia inayoongeza Attack) dhidi ya Zapdos asiye na EV (pointi za mazoezi) za kujikinga (uhai 321):

Sucker Punch, hakuna aliyeanguka: 148 hadi 175. Zapdos anabaki na karibu nusu.
Wameanguka watano: 222 hadi 262. Bado anasimama.
Swords Dance moja (inazidisha Attack mara mbili), hakuna aliyeanguka: 297 hadi 349. Hapo ni bahati ya zari.
Swords Dance moja na wameanguka watano: amekufa, hakuna cha zari.

Mkibishana, bishaneni kwa mistari ya namna hii. "Ananikera" si hoja.

Hatua ya 4. Mtafuteni mwenye kosa hasa. Ni mnyama, ni pigo, ni kipaji, au ni Tera (kubadili aina ya mnyama katikati ya mechi)? Sisi wa Kigoma hili halitupi shida. Kukataza kokoro ni jambo moja, na kufunga Ziwa Tanganyika lote kama ilivyokuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ni jambo jingine. Houndstone alifungiwa kwa sababu ya Last Respects: nguvu 50, inaongezeka 50 kwa kila mwenzake aliyeanguka, wakifika watano ni 300. Basculegion alipoingia na pigo lile lile, ikaonekana mbwa Houndstone alikuwa anabeba kesi ya mwingine. Wakafungia pigo, Houndstone akaachiwa, na leo hakuna anayemwogopa.

Ila msianze kufungia vipande vipande ili kumwokoa mnyama mnayempenda. Sheria ya Gen 5 ya kukataza Drizzle (kipaji cha kuleta mvua) na Swift Swim (cha kukimbia kwenye mvua) kwenye timu moja ilikuwa na sababu, lakini mkiwa na sheria tano za aina hiyo mgeni hawezi kutengeneza timu bila wakili.

Hatua ya 5. Majaribio. Hapa ndipo tuliharibu, someni taratibu.

Tuliwaondoa Kingambit na Gholdengo siku moja. Wiki mbili mechi zikawa nzuri, kila mtu anasifia. Kisha likaja swali: nani kati yao alikuwa tatizo? Hakuna aliyeweza kujibu, na mechi zote zile zikawa hazina kazi.

Sababu ni hii. Gholdengo ni wa aina ya Ghost na Steel, na kipaji chake cha Good as Gold kinakataa mapigo yote ya hali (yasiyo ya kushambulia) ambayo mpinzani anamlenga nayo. Akiwa uwanjani, Defog yako ya kufagia mitego inagonga mwamba. Rapid Spin ni Normal, haimgusi Ghost. Mortal Spin ni Poison, haimgusi Steel. Kwa hiyo mitego inakaa. Stealth Rock peke yake inakula 12.5% kila unapoingiza sub wa kawaida, na Volcarona ilikuwa inamkata nusu nzima. Spikes za tabaka tatu ni 25%. Timu inayovuja damu hivyo ndiyo Kingambit anaikuta dhaifu mwishoni. Ukimwondoa Gholdengo, mitego inafagika, na Kingambit anakutana na watu wenye uhai kamili. Huenda mmoja tu angetosha. Tulichoma ghala kumtafuta panya.

Kwa hiyo:

Ondoeni kimoja kwa wakati mmoja. Kimoja.

Siku tatu nne za mwanzo msizihesabu. Watu bado wanacheza na timu walizojenga kumzuia aliyeondoka, na matokeo yanadanganya.

Msibadilishe sheria nyingine katikati, hata ile "ndogo tu".

Amri ya kuondoa: `/challenge jina, gen9ou@@@-Kingambit`. Alama ya kutoa inafungia, ya kujumlisha inamrudisha aliyefungiwa. Kujaribu ligi bila Tera: `/challenge jina, gen9ou@@@Terastal Clause`. Lifanyeni hili kabla ya kumhukumu Kingambit, kwa sababu udhaifu wake wa mara nne kwa Fighting unafutika akigeuka Flying au Ghost, na mwenye Close Combat anabaki ameduwaa.

Hatua ya 6. Kura. Anayepiga ni aliyecheza mechi za majaribio, si aliyekuwa anatazama. Kizingiti 60%, kama Smogon: watu 10 wanahitajika 6, watu 12 wanahitajika 8, watu 15 wanahitajika 9. Msitumie nusu na mmoja. Mtu mmoja akisafiri, wiki ijayo mnapiga kura upya.

Hatua ya 7. Andikeni tarehe, sababu na linki tatu za mechi. Pitieni tena michezo ikipata wanyama wapya.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

---

Wa Mwandiga: Mkuu somo zuri. Sasa Kingambit tumfungie au tusimfungie?

Mwandishi: Hatua ya 3, kisha ya 5.

Wa Mwandiga: Nimesoma, nataka jibu fupi.

Mwandishi: Jibu fupi: hujasoma.

Wa Gungu: Dragapult anipige mara nne mfululizo halafu mnasema yuko sawa? Huyo ni wa kufungiwa leo leo.

Mwandishi: Weka timu yako hapa.

Wa Gungu: Gengar, Ceruledge, Skeledirge, Gholdengo, Latios, Hatterene.

Mwandishi: Wanne ni Ghost, na Latios na Hatterene ni Psychic. Sita wote wanaumia mara mbili kwa Shadow Ball ya Dragapult, ambayo ni pigo la Ghost. Huna Dark hata mmoja, huna Normal hata mmoja. Kaka, hapo hata Dragapult akicheza amefumba macho anashinda. Toa Ghost wawili, weka Ting-Lu, kisha urudi.

Wa Kasulu: Shikamoo mwalimu. Mimi namtumia Dondozo mwenye Unaware, kazi yake ni kupuuza waliojipandisha. Mbona Kingambit wa mwisho bado ananivunja?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri. Unaware inapuuza ngazi, yaani vile vidato vya Swords Dance. Supreme Overlord si ngazi, inaongeza nguvu ya pigo lenyewe. Dondozo wako anapuuza ngoma, ila hapuuzi wafu. Na kuna jambo wengi hawalijui: idadi ya walioanguka inahesabiwa Kingambit *anapoingia* uwanjani. Akiingia wakiwa wameanguka wawili, anabaki na 20% hata wengine wakifa akiwa pale pale. Kwa hiyo mlazimishe aingie mapema, wenzake wakiwa hai. Last Respects ilikuwa tofauti, yenyewe ilihesabu wakati wa kupiga.

Wa Kasulu: Kumbe! Kwa hiyo nikiona wenzake wawili wana uhai kidogo, nisiwamalize haraka?

Mwandishi: Ndiyo hasa, kama huna haraka nao. Mwache aliyebaki na 5% akae benchi. Anayekufa ni mtaji wa Kingambit. Ila asiwe na pigo la kukusumbua akirudi, mfano Thunder Wave.

Wa Tabora: Semeni ukweli. Ninyi watu wa Kigoma mnataka kufungia kila ambacho Tabora tunashindia. Juzi ilikuwa Volcarona, leo Kingambit.

Mwandishi: Volcarona hatukumfungia sisi, alifungiwa na Smogon 2024 na Showdown ikafuata. Na hakuna mahali nimesema Kingambit afungiwe. Nimeweka namba. Kama namba zina kosa, onyesha mstari. Kama hazina, tuachane na habari za Kigoma na Tabora.

Wa Tabora: Mstari wa Zapdos. Nani anacheza Zapdos bila EV za Defense?

Mwandishi: Hapo una hoja. Wengi wanamjaza uhai na Defense, na huyo anavumilia zaidi. Nimemchukua mtupu ili tofauti ya mstari na mstari ionekane bila kuchanganywa na kingine. Ukipiga hesabu na EV, weka hapa, nitaiongeza kwenye somo kwa jina la Tabora.

Wa Tabora: Poa. Nakuja nayo.

Wa Urambo: Nimeanza juzi. Kwa nini Flutter Mane amefungiwa OU, lakini kwenye mashindano rasmi ya VGC nimemwona anacheza?

Mwandishi: Kule ni wawili wawili, unaleta sita unachagua wanne. Flutter Mane ana uhai 55 na Defense 55, ni karatasi. Kwenye wawili wawili, wapinzani wawili wanaweza kumlenga zamu ile ile, na kuna njia nyingi zaidi za kugeuza kasi, mfano Tailwind na Trick Room. Bado ni mkali sana, ila ana wa kumshika. Kwenye mmoja mmoja, ukimwingiza sub anakula Moonblast akiwa njiani. Ndiyo maana hatua ya 1 ipo, ingawa nimeipa mstari mmoja.

Wa Kibirizi: Nje ya mada kidogo. Bando linaisha kwenye mechi za majaribio, na umeme ukikatika mtu anahesabiwa amekimbia.

Mwandishi: Mpangilio wa Showdown: zima michoro inayocheza, zima sauti, chagua picha bapa badala ya za 3D. Mechi yenyewe ni maandishi tu, inakula kidogo. Mtandao ukikata, rudi kwa jina lile lile kabla saa haijaisha, unaendelea ulipoachia.

Wa Ujiji: Na timu usihifadhi kwenye kivinjari pekee. Nyingi zinakaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari, ukifuta historia zimekwenda. Bonyeza Export, nakili maandishi, jitumie mwenyewe WhatsApp.

Mwandishi: Hili ningeliweka kwenye somo. Asante mzee.

Wa Mwandiga: Amri ya `-Kingambit` inakataa kwangu.

Mwandishi: Nakili ulivyoandika.

Wa Mwandiga: `/challenge gen9ou@@@-Kingambit`

Mwandishi: Jina la mpinzani liko wapi?

Wa Mwandiga: Aah. Imekubali.