Kadi ya gofu: andika ya mwenzako, kagua yako, ndipo usaini

Anayeuliza kama wachezaji wa gofu wa kulipwa bado wanapaswa kujitunzia kadi zao, yaani karatasi za kuandikia mikwaju ya kila shimo, anaanza na kosa dogo. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, mchezaji haandiki kadi yake mwenyewe. Inaandikwa na marka, yaani mchezaji mwenzake wa kundi lilelile, huku yeye mwenyewe akiandika kadi ya mwingine. Kazi za mchezaji juu ya kadi yenye jina lake ni tatu: kukagua mikwaju shimo kwa shimo, kusaini, na kukabidhi kwa kamati ya mashindano. Sisi tunashikilia kwamba kazi hizo zibaki mikononi mwake hata anapocheza mbele ya kamera za dunia nzima. Sababu zitaonekana ndani ya hatua zenyewe, kwa kuwa karibu kila hatua ya kadi imewahi kumgharimu bingwa fulani.

Mwongozo huu ni wa mchezaji wa Mtwara au Lindi anayejiandaa kupanda basi kwenda kushindana kwenye viwanja vya Lugalo au Gymkhana, Dar es Salaam. Safari ni ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Kufika huko, kucheza vizuri siku nzima, kisha kufutwa kwa sababu ya kipande cha karatasi ni hasara inayozuilika kabisa.

Kabla ya mkwaju wa kwanza

Kadi hutolewa na kamati, ikiwa na jina lako na tarehe. Zisome papo hapo. Tangu kanuni za 2023, mchezaji wa ridhaa halazimiki tena kuonyesha handikapu yake (mikwaju anayopunguziwa kulingana na uwezo wake) kwenye kadi, hiyo ni kazi ya kamati. Ukiona imechapwa na si sahihi, sema mapema, usingoje matokeo.

Kisha badilishaneni kadi. Ukimaliza hatua hii, kadi uliyoishika iwe na jina la mtu mwingine. Mwaka 2003, kwenye mashindano ya The Open katika uwanja wa Royal St George's, Mark Roe na Jesper Parnevik walisahau kubadilishana. Roe alipiga mikwaju 67 raundi ya tatu, akawa miongoni mwa wanaowania ubingwa. Mikwaju yake iliandikwa kwenye kadi yenye jina la Parnevik, na ya Parnevik kwenye yake. Wote wawili waliondolewa. Kusoma jina lililo juu ya kadi kungechukua sekunde mbili.

Tumia penseli laini, 2B kwa mfano. Kwa joto la pwani mkono hutoka jasho, na wino wa kalamu hutambaa kwenye karatasi mpaka 3 inaonekana 8. Weka kadi ndani ya kava la plastiki la daftari, lililokatwa kutosha mfukoni. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua ya kusini ikiwa bado inanyesha, beba makava mawili.

Wakati wa kucheza: uliza, sikia, andika

Kadi nyingi zina safu ya marka pembeni. Hapo ndipo unapoandika mikwaju yako mwenyewe kwa kumbukumbu, huku safu kuu ikibeba ya yule unayemwandikia. Kila shimo likiisha, ondokeni kwanza kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) ili kundi la nyuma lisisubiri, kisha muulize mwenzako: "Ngapi?" Atamke namba. Kama inalingana na hesabu yako, andika. Kama hailingani, hesabuni pamoja mkwaju mmoja mmoja hapohapo, kabla hajapiga wa kwanza wa shimo linalofuata. Shimo lililopita ni rahisi kulikumbuka. Mashimo manne yaliyopita, juani, si rahisi hata kidogo.

Mwandike mikwaju ghafi: aliyopiga pamoja na ya adhabu. Handikapu isiguse namba hiyo.

Adhabu ndizo zinazoharibu hesabu, kwa hiyo zijue kwa moyo. Mpira uliopotea (muda wa kutafuta ni dakika 3) au uliotoka nje ya mpaka: adhabu ya mkwaju 1, na unarudi kupiga ulipopigia mwanzo. Kuutoa mpira kwenye eneo la adhabu, kama bwawa au mfereji uliowekewa alama nyekundu au njano: mkwaju 1. Kutangaza kwamba mpira hauchezeki: mkwaju 1, lakini ukiwa ndani ya banka (eneo la mchanga la kikwazo) ukaamua kuutolea nje ya banka, 2. Kupiga mpira usio wako: 2, na lazima urekebishe kabla ya kuanza shimo linalofuata, la sivyo unafutwa. Kugusa mchanga wa banka kwa fimbo nyuma tu ya mpira: 2. Kuusogeza mpira wako bila kukusudia ukiwa kwenye nyasi: 1, kisha unaurudisha. Kwenye grini, kwa bahati mbaya, hakuna adhabu, unaurudisha tu.

Na ukikusudia kupiga mpira, ukaukosa kabisa, huo ni mkwaju.

Njia inayotufaa kuliko zote ni kutohesabu mwishoni. Kila unapokaribia mpira, jiambie mkwaju unaokuja ni wa ngapi. Chukua shimo la par 4 (linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 4) lililokwenda vibaya. Mkwaju wa 1 unatoka nje ya mpaka. Adhabu ni ya 2. Unarudi kwenye tii, mahali pa kuanzia shimo, kupiga wa 3. Wa 4 unaukosa mpira kwenye nyasi ndefu. Wa 5 unaingia bwawani. Adhabu ni ya 6. Wa 7 unafika grini, wa 8 unapita pembeni ya shimo, wa 9 unaingia. Kadi inasema 9. Hakikisha kwa njia ya pili: mikwaju uliyopiga ni 7, adhabu ni 2, jumla 9. Njia mbili zikipishana, rudia.

Angalia mkwaju wa 4 hapo juu. Kanuni inasema fimbo iliyozuiwa kwa makusudi kabla ya kufika kwenye mpira si mkwaju, ila iliyokusudia kuupiga ikaukosa ni mkwaju. Kwa macho ya kamera, mwendo huo unaweza kufanana. Anayejua alichokusudia ni mpigaji peke yake. PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya kulipwa wa Marekani, ina mfumo wa ShotLink na watu wanaotembea na kila kundi wakirekodi mikwaju, na mifumo hiyo inajua mpira umetua wapi. Haijui nia. Wala haioni mpira ulioyumba ukahama kwa upana wa punje ya mtama ndani ya majani marefu. Mwenye kujua hilo lazima aulizwe, ajibu kwa sauti, na aweke saini yake chini ya jibu.

Kukagua: hapa usiharakishe

Raundi ikiisha nenda moja kwa moja kwenye meza au hema la kadi. Usipitie kantini, usishike simu. Kaa. Mkulima wa Newala au Ruangwa hapokei stakabadhi ya korosho kabla ya kuangalia kilo zilizoandikwa zilingane na mizani aliyoiona. Kadi ikaguliwe kwa uangalifu huohuo.

Marka wako asome kadi yako kwa sauti, shimo la 1 hadi la 18, nawe ufuatilie kwenye hesabu uliyojiandikia. Kedi wako, anayekubebea fimbo, asikilize kama sikio la tatu. Kisha mbadilishane zamu.

Usiridhike kwamba jumla ni sahihi. Huu ndio mtego mkubwa, nao unawanasa hata watu makini. Kamati ndiyo inayojumlisha, na ukikosea kujumlisha huadhibiwi. Wewe unawajibika kwa namba ya kila shimo. Ukipata 5 kwenye shimo la 6 na 6 kwenye la 7, kisha kadi ikageuza, jumla haibadiliki. Hata hivyo shimo moja limeandikwa pungufu, na pungufu ni kufutwa. Jackie Pung alishikwa hapo kwenye US Women's Open ya 1957, Winged Foot. Jumla yake ya mikwaju 298 ilikuwa sahihi na ilikuwa ya ushindi. Kwenye shimo la 4 kadi ilisema 5 badala ya 6. Akaondolewa, ubingwa ukaenda kwa Betsy Rawls. Marka wake, Betty Jameson, naye aliondolewa kwa kosa hilohilo kwenye shimo hilohilo.

Ikiandikwa zaidi ya uliyopiga, hufutwi. Namba kubwa inabaki kama ilivyo. Roberto De Vicenzo alipata 3 kwenye shimo la 17 siku ya mwisho ya Masters ya 1968, siku aliyotimiza miaka 45. Marka wake Tommy Aaron akaandika 4. De Vicenzo akasaini. Mikwaju 65 ikawa 66, naye akapitwa na Bob Goalby kwa mkwaju mmoja. Dunia nzima iliuona mpira ukiingia kwa mikwaju mitatu, na kadi ikasema minne.

Wengi husema kisa hicho kinatosha kuiachia kompyuta kazi yote. Sisi tunaona kinaonyesha kwamba ukaguzi ulirukwa, na dawa yake ni kumpa mchezaji nafasi na muda wa kukagua. Tena kanuni za gofu ni zilezile Augusta, uwanja wa Masters, na Lugalo. Mchezaji wa kulipwa anayeshindana Tanzania hana ShotLink nyuma yake, ana marka. Ukiwaondolea saini wale wa kwenye televisheni, unatengeneza michezo miwili, na huu wa kwetu unabaki kama korosho za kangomba: kipimo bila mizani.

Namba ikihitaji kurekebishwa, usiibadilishe mwenyewe. Marka akubali, au kamati iamue. Ikatwe kwa mstari mmoja, namba sahihi iandikwe pembeni. Kanuni hazidai herufi za jina hapo, lakini marka akiziweka zinaondoa maswali. Ukiwa na shaka kama adhabu fulani ilikuhusu, uliza kamati kabla ya kusaini. Kisanduku kitupu kwenye mashindano ya mikwaju ni kufutwa. Kwenye Stableford, mashindano ya kuhesabu pointi za kila shimo, ni pointi sifuri tu za shimo hilo. Kwenye mechi ya mmoja kwa mmoja kadi haihitajiki.

Saini na kukabidhi

Saini ni mbili: ya marka na yako. Zikipishana nafasi hakuna ubaya. Ikikosekana moja, adhabu ya kawaida ni kufutwa, ingawa tangu 2023 kamati inaweza kuweka kanuni ya ndani inayoipunguza kuwa mikwaju 2. Soma ubao wa matangazo ujue kama imewekwa. Padraig Harrington alikuwa mbele kwa mikwaju 5 kabla ya raundi ya mwisho ya Benson and Hedges International mwaka 2000, ikagundulika kadi yake ya raundi ya kwanza haikuwa na saini yake. Akafungasha. Michelle Wie mwaka 2008 alitoka eneo la kadi kabla ya kusaini, akaitwa, akarudi kusaini, bado akaondolewa.

Februari 2024, Jordan Spieth alisaini haraka kwenye Genesis Invitational: 3 badala ya 4 kwenye shimo la 4. Akaondolewa. Miezi michache baadaye PGA Tour ikaanza kuwapa wachezaji dakika 15 baada ya kutoka eneo la kadi ili warekebishe kosa. Hilo ni badiliko zuri, na ndilo tunaloliunga mkono: saini imebaki, haraka imepunguzwa.

Pale ambapo kamati imeruhusu kadi ya kwenye programu ya simu, kubonyeza kitufe cha kuthibitisha ndiyo saini. Soma mashimo yote 18 kabla ya kidole kugusa.

Mazoezi nyumbani

Huhitaji uwanja wa mashimo 18 kujifunza kadi. Kwenye eneo la wazi mlioruhusiwa kulitumia, chimbeni mashimo sita yenye kipenyo cha milimita 108 na kina kisichopungua milimita 101.6, kama ya uwanjani. Chora kadi kwenye daftari: safu ya shimo, ya mwenzako, na yako. Pangeni kamba kuwa mpaka na mstari wa mchanga kuwa eneo la adhabu, ili adhabu zitokee mara nyingi. Mtu wa tatu ahesabu kimyakimya, kisha mwishoni mlinganishe karatasi tatu. Fanyeni hivyo mpaka zilingane mara tano mfululizo.

Siku ya mashindano yenyewe, ukishakabidhi, tunza hesabu yako mpaka matokeo yabandikwe. Ukigundua kosa, rudi kwa kamati saa hiyohiyo, hata kama hakuna mwingine aliyeliona. Kama uliacha adhabu ambayo hukuijua wakati wa kukabidhi, na mashindano hayajafungwa, kamati itaiongeza kwenye mikwaju yako bila kukufuta.