Mkipeleka wanafunzi Auschwitz: begi kwanza

Kundi la wanafunzi wa kubadilishana likiwa Kraków, Poland, Auschwitz (kambi ya zamani ya mateso na mauaji ya Wanazi, sasa makumbusho) iko kilomita 70 hivi upande wa magharibi. Kinachokwamisha wengi mlangoni ni begi: linalozidi sentimita 35 kwa 25 kwa 15 halipiti, na mabegi mengi ya shule yanazidi. Yaachwe kwenye basi. Pasipoti au kitambulisho kikae mfukoni, maana majina yanaweza kukaguliwa. Mwongozaji awekewe nafasi mapema kupitia tovuti ya makumbusho. Kundi haliruhusiwi kuzunguka bila yeye.

Tengeni saa tatu na nusu, si pungufu. Auschwitz I, kambi ya kwanza, ni majengo ya matofali, mengi mnaingia ndani. Birkenau, sehemu ya pili ya kambi, kilomita 3 hivi kutoka hapo, ni uwanja mpana usio na kivuli wala pa kujikinga na upepo, kwa hiyo viatu vya kutembea na koti, hata Aprili. Picha ruksa bila flashi, isipokuwa kwenye chumba chenye nywele za wahanga (Bloku 4) na vyumba vya chini vya Bloku 11. Selfi juu ya reli iliyoleta wafungwa Birkenau? Mwalimu akataze kabla hamjashuka basi. Makumbusho haishauri kuleta watoto walio chini ya miaka 14.