Kukesha na Le Mans ukiwa Arusha: mwongozo kwa kundi la watu kumi

Mbio za magari za Saa 24 za Le Mans, Ufaransa, hufanyika Juni, zikianza Jumamosi saa kumi jioni kwa saa za Ufaransa. Majira hayo wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo Arusha na Moshi ni saa kumi na moja jioni, na zinakwisha Jumapili saa hiyohiyo. Ratiba mtandaoni inaandika 16:00. Mtu wa haraka anaisoma "saa kumi", anairusha kwenye grupu bila kuongeza ile saa moja, na tangu hapo kila zamu inakosewa. Mmoja tu ndiye atume ratiba, na aandike "saa za kwetu" pembeni ya kila mstari.

Hatua ya 1: Panga zamu kabla ya kupanga chakula

Anayejitia kukesha saa zote 24 huwa amezima saa tisa usiku, na ndiye anayekosa alfajiri. Wote wawe macho kuanzia mwanzo hadi saa tano usiku. Kisha:

- Saa tano hadi saa nane usiku: watu watatu
- Saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri: watu watatu
- Saa kumi na moja hadi saa mbili asubuhi: watu wanne

Zamu ya katikati ndiyo nzito. Wape waliozoea usiku: nesi, mlinzi, dereva wa basi. Asiwekwe mtu peke yake, maana akisinzia hakuna wa kumgutua.

Kubalianeni mapema mambo ya kuwaamsha waliolala. Yanatosha manne: mvua kuanza, gari la usalama (linalowaongoza wote polepole kukiwa na hatari) kutoka njiani mbio zianze upya, gari mnalolifuatilia kuharibika, na wanaoongoza wawili kukaribiana wakiwa na idadi sawa ya piti, yaani kuingia kando kuongeza mafuta na kubadili tairi. Kiongozi kubadilika tu hakumwamshi mtu. Usiku mmoja hutokea mara nyingi mno.

Giza la Le Mans linaingia kama saa tano usiku kwetu, na jua lao linachomoza karibu saa moja asubuhi. Sisi tunatangulia kuwa gizani kwa saa nne hivi, lakini asubuhi tunakwenda nao karibu sawa. Mkitaka kuona breki zikiwaka nyekundu gari linapokaribia kona ya Mulsanne, ni zamu mbili za kwanza.

Hatua ya 2: Umeme na bando

Piga hesabu hii kabla ya kuazima projekta. TV ya inchi 43 inakula kama wati 90, laptop 50, ruta 12: jumla wati 152. Kwa saa 24 ni uniti zisizofika nne, kwa hiyo LUKU haitishi, ila nunua mapema, usingoje mita ilie usiku.

Umeme ukikatika ndipo hesabu inakuwa kali. Betri ya volti 12 na Ah 100 inahesabiwa kuwa na wati-saa 1,200. Ya maji ukiishusha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Inveta nayo inakula chake, unabaki na kama 500. Hiyo ni saa tatu na kidogo za TV, laptop na ruta. Ukiweka projekta ya wati 250 badala yake, ni saa moja na nusu tu.

Bando: picha ya 480p hula karibu nusu GB kwa saa, yaani GB 12 kwa mbio nzima. 720p ni zaidi ya mara mbili. Mpango wa akiba ni sauti: Radio Le Mans hutangaza mbio zote kwa Kiingereza bila malipo, na kwa kasi ya kbps 128 haifiki MB 60 kwa saa. Iwe imefunguliwa kwenye simu ya pili yenye laini ya mtandao mwingine, kwa sababu umeme wa mtaa ukikatika, wakati mwingine na mnara wa karibu unayumba.

Jambo dogo linaloleta ugomvi: jedwali la muda kwenye simu, linaloonyesha nafasi za magari papo hapo, huitangulia picha, pengine kwa nusu dakika au zaidi. Mwenye jedwali akipiga kelele, wenzake wameshaharibiwa utamu. Asome kimya mpaka picha ifike.

Hatua ya 3: Manila ukutani

Magari yanafika 62 katika madaraja matatu: Hypercar, LMP2 na LMGT3. Hamtayafuata yote. Chagueni tisa, matatu kila daraja, na kila mtu awe na lake la kulitetea. Chora safu tano: namba ya gari, nafasi katika daraja lake, dereva aliyemo, idadi ya piti, na mzunguko wa piti ya mwisho. Jaza kila saa, kwa kalamu ya wino mzito isomeke kutoka kwenye kochi.

Safu ya piti ndiyo roho ya manila. Mzunguko una kilomita 13.626, na Hypercar huumaliza kwa takriban dakika tatu na nusu. Mafuta yanatosha mizunguko kama 12, kwa hiyo gari linaingia piti kila dakika 40 na ushee. Basi gari likionyeshwa la kwanza kwa sekunde 50 huku limeingia piti mara 11 na la pili mara 12, la kwanza haliongozi kitu, lina deni la piti moja. Asiyeandika piti atashangilia hewa usiku kucha.

Safu ya dereva nayo ina kazi. Kila gari lina madereva watatu, na dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6, wala zaidi ya saa 14 kwa jumla. Ukiona aliye hodari amemaliza saa zake alfajiri, unajua mwisho utaendeshwa na nani.

Hatua ya 4: Gari la usalama likidumu, laleni

Mwaka 2024 mvua iliwaweka nyuma ya gari la usalama kwa zaidi ya saa nne. Kipindi hicho hakuna kupita. Abaki mmoja na redio, wengine wajifunike.

Hatua ya 5: Baridi na mtori

Usiku wa Juni hapa unauma, na kishawishi ni kuingiza jiko la mkaa sebuleni. Usithubutu. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Chumba kikifungwa na watu wakalala sakafuni, hawaamki. Mablanketi, soksi, na chupa mbili za chai ya tangawizi.

Mtori wa watu kumi: nyama ya mfupa kilo 1.5, ndizi mshare 25, vitunguu viwili, karoti mbili, chumvi. Zamu ya katikati ianze kuchemsha nyama, jikoni au nje, saa tisa na nusu. Iive saa moja na nusu, ndipo ndizi zifuate kwa dakika 40, mifupa itolewe, ipondwe kwa mwiko. Ndizi zilizomenywa mapema zikae kwenye maji, la sivyo zinakuwa nyeusi. Toa lita moja ya supu weka kwenye chupa: mtori ukikaa unakuwa mzito, na wa saa mbili wataukuta kama ugali.

Hatua ya 6: Jumapili

Wa ibada ya kwanza waondoke bila lawama. Wa ya pili wawapokee. Saa za asubuhi ni tulivu kuliko zote. Wote wawe wamerudi saa nane mchana, piti za mwisho zianze kuhesabika. Msiondoke mapema: mwaka 2016 Toyota iliyokuwa ikiongoza iliishiwa nguvu zikiwa zimebaki dakika chache mno, Porsche ikashinda.

Na soda za dau zisinunuliwe siku hiyo. Magari hukaguliwa baada ya bendera. Mwaka 2025 Ferrari namba 50 ilimaliza ya nne, kisha ikafutwa kwa sababu ya bawa la nyuma. Manila ibaki ukutani mpaka matokeo rasmi yatoke.