Kuweka taimingi ya Yamaha DT175 ya pointi

Somo hili ni la kuweka taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche (moto), kwenye DT175 za miaka ya 70 zenye magineto (sumaku na koili za kuzalisha umeme) na pointi (swichi ndogo ambayo ikifunguka plagi inatoa cheche). Zile za CDI, yaani moto wa kielektroniki usio na pointi, zina utaratibu wake. Vijana wengi waliojifunza ufundi kwenye Boxer na TVS hawajawahi kufungua pointi hata mara moja, na pikipiki hizi ambazo mabwana shamba na mapadri walipandia milima zinaozea mabandani kwa sababu mtu aliweka taimingi kwa sikio. Nawasihi, tu-stroki haiwekwi kwa sikio. Ukiwahisha moto kidogo, pikipiki inavuta vizuri, unafurahi, na huku kichwa cha pistoni kinaungua mpaka kinatoboka. Ukiuchelewesha, injini inakosa nguvu, inachemka na bomba la moshi linakuwa la moto kupita kiasi.

Kipimo chetu ni mm 1.8. Maana yake plagi itoe cheche pistoni ikiwa imebakiza mm 1.8 kufika juu kabisa, kwa kuwa petroli na hewa havilipuki papo hapo. Vinahitaji muda wa kuwaka. Pistoni hii inasafiri mm 50 kutoka chini hadi juu, kwa hiyo nusu milimita si kitu cha kupuuza.

Andaa dayo geji (kipimo cha mshale cha kusoma mwendo wa pistoni) yenye adapta ya kufunga kwenye tundu la plagi, fila geji (vibati vya kupimia mwanya), bisibisi ya nyota na ya bapa, msasa laini na karatasi nyembamba ya kusokotea sigara.

Hatua ya 1. Injini ikiwa baridi, toa plagi na kifuniko cha magineto upande wa kushoto. Inua gurudumu la nyuma, ingiza gia ya tano, kisha zungusha gurudumu hilo kwa mkono kuelekea mbele. Kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, itafuata taratibu na utaisimamisha unapotaka. Kwa kiki huwezi kupata utulivu huo.

Hatua ya 2. Flaiwili, lile gurudumu zito la sumaku kwenye kranki, ina madirisha. Zungusha mpaka uzione pointi. Nyuso zake zikiwa na rangi ya kijivu iliyofifia, ni nzima. Zikiwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, usipoteze muda kuzisugua, nunua mpya. Zilizo nzima zipitishe msasa kidogo, halafu vuta karatasi safi katikati yake mpaka itoke bila weusi. Alama ya kidole chenye oili inatosha kuzuia moto. Weka na grisi kidogo sana kwenye sufi inayopaka kamu, ile nundu inayofungua pointi.

Hatua ya 3. Pointi zikiwa zimefunguka mwisho, weka mwanya wa mm 0.35. Huo ni mwanzo tu.

Hatua ya 4. Funga dayo geji. Sogeza pistoni juu mpaka mshale usimame na kuanza kurudi. Pale ulipogeukia ndipo juu kabisa. Weka sifuri hapo. Sasa rudisha gurudumu nyuma hadi pistoni ishuke kama mm 4, ndipo uje mbele tena taratibu mpaka 1.8. Usifike 1.8 kwa kurudi nyuma, maana ulegevu wa vyuma ndani ya injini utakudanganya.

Hatua ya 5. Hii ndiyo roho ya kazi. Kabla hujafika 1.8, chomeka karatasi ya sigara katikati ya pointi zikiwa zimefunga. Ivute kidogo sana kwa vidole viwili, iwe imekaza bila kukatika. Mwenzako azungushe gurudumu polepole akisoma geji kwa sauti: 2.5, 2.2, 2.0... Karatasi inapochomoka, hapo pointi zimeachana, na hapo ndipo cheche inaporuka. Ikichomoka kwenye 1.8, umefika.

Hatua ya 6. Ikichomoka kwenye 2.3, moto umewahi. Ikichomoka kwenye 1.3, umechelewa. Legeza skrubu inayoshika pointi, iache ibane kidogo, kisha sogeza kwa bisibisi ya bapa kwenye mfereji wake. Kwenye injini hii mwanya na taimingi ni kitu kimoja: ukiongeza mwanya, pointi zinaanza kufunguka mapema na moto unawahi; ukipunguza, moto unachelewa. Kaza skrubu na upime upya, kwa sababu kule kukaza kwenyewe kunasogeza pointi.

Hatua ya 7. Pima mwanya tena. Uwe kati ya mm 0.30 na 0.40.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nimeweka mwanya 0.35 sawasawa lakini karatasi inachomoka kwenye 1.4. Nifuate kipi?*

Marahaba mdogo wangu. Fuata 1.8. Mwanya una nafasi ya kucheza, taimingi haina. Panua pole pole mpaka ufike 1.8, halafu angalia fila geji inasema nini. Ukikuta 0.38, funga kazi. Ukikuta 0.50, kuna tatizo jingine na usilifunike: ama pointi zimechakaa, ama kii ya flaiwili (kipande cha chuma kinachoifunga isihame) imekatika na flaiwili imehama kwenye kranki. Vua flaiwili uangalie. Tumia pula yake, nyundo hapana! Nyundo inapindisha kranki na kudhoofisha sumaku.

*Kaka, huku kwetu dayo geji haipatikani. Nikitumia spoku ya baiskeli?*

Spoku itakuonyesha pistoni ilipo, ila kusoma mm 1.8 kwenye spoku ni kubahatisha. Afadhali vernia yenye ulimi wa kupimia kina. Mafundi wengi wa mashine wanayo, kaazime. Ipumzishe kwenye ukingo wa tundu la plagi bila kuilaza. Na wenye pikipiki ambazo tundu la plagi limekaa mshazari, kipimo chochote kinachopitia hapo kitakuwa cha uongo. Fungua hedi upime kutoka juu ya silinda, uandae na gasketi nyingine.

*Nimetumia multimita badala ya karatasi, inasoma karibu sifuri pointi zikiwa zimefunga na hata zikifunguka. Imekufa?*

Haijafa, dada. Koili ya magineto imeungwa na bodi sambamba na pointi, kwa hiyo umeme unapata njia nyingine ya kupita. Tofauti ipo lakini ni ndogo sana. Weka multimita kwenye kipimo cha chini kabisa cha omu. Ya mshale ni nzuri zaidi, utauona ukitikisika pointi zinapoachana. Kwa sababu hiyohiyo, taa ya kupimia yenye betri haifai hapa. Mimi kwa magineto bado naamini karatasi.

*Pointi zangu zinatoa cheche kubwa za bluu na zinaungua kila baada ya muda mfupi.*

Badilisha kondensa, kile kifaa kinachozuia cheche kwenye pointi. Usiguse taimingi kabla ya hapo, na ukiweka kondensa pamoja na pointi mpya, anza upya kutoka hatua ya 3.

*Mkuu, taimingi iko 1.8 kabisa, nimehakikisha. Lakini ikipanda mlima inagonga, plagi inatoka nyeupe, na nikiachia mafuta injini inabaki juu kwa muda kabla ya kutulia.*

Simamisha hiyo pikipiki leo. Hiyo injini inavuta hewa ya wizi: petroli inakuwa chache kuliko hewa, joto linapanda, na pistoni itakwama au itatoboka hata kama taimingi ni sahihi. Anza na oili sili ya kranki upande wa magineto. Ukivua flaiwili ukakuta oili imelowanisha sahani ya koili, umempata mwizi. Ikiwa pakavu, iwashe bila kuiendesha, kisha pulizia maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na ridi vavu (vali ya kuingizia petroli na hewa). Mlio ukibadilika ghafla, hewa inaingilia hapo. Hakikisha pia pampu ya oili inasukuma. Ukishaziba, pima taimingi tena, maana umevua flaiwili.