Namna ya kuliamsha kanisa linalosinzia huku likiimba

Mimi ni mama shemasi huku Kadutu, Bukavu, na utumishi wangu ni kuandaa viongozi wa selila, vile vikundi vinavyoomba nyumbani katikati ya juma. Karibu kila kiongozi mpya huniuliza: "Mama, nitajuaje kama watu wangu wamelala kiroho?" Mara nyingi anakuja na majina ya wale wasioonekana kanisani. Ninamwomba aweke majina hayo pembeni, aanze na wale wasiokosa, wa viti vya mbele, naye mwenyewe akiwemo.

Someni kwanza Ufunuo sura ya 2 na ya 3, kwa sauti, bila kukatisha. Makanisa ni saba, yote katika nchi inayoitwa Uturuki leo. Matano yanaambiwa yatubu. Angalieni vizuri Efeso: lilikuwa na bidii, subira, na mafundisho safi kiasi cha kuwatambua mitume wa uongo. Ni kanisa ambalo kila mchungaji angelitamani! Lakini lilikuwa limeuacha upendo wake wa kwanza. Sardi lilikuwa na jina la kuwa hai, nalo limekufa. Mawili ambayo hayakukaripiwa ni Smirna, lililokuwa katika dhiki na umaskini, na Filadelfia, lenye nguvu kidogo. Mkifika hapo nyamazeni kidogo, kila mtu ajitafute.

Mtu atasema Laodikia, kanisa la mwisho kati ya hayo saba, linawahusu matajiri tu, sisi tunaohangaikia unga tuko salama. Msimwache na wazo hilo. Mji wa Laodikia uliangushwa na tetemeko mwaka 60 baada ya Kristo, na Tacitus, mwanahistoria wa Roma, aliandika kwamba ulijijenga tena kwa mali yake, bila msaada wa Warumi. Kanisa la mji huo ndilo lililosema, "Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Sisi nasi tunalijua tetemeko. Lile la Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, lilitutoa kanisani mbio, na siku zilizofuata tuliomba kwa machozi. Kuta zilipozibwa, maombi yakapungua. Tulikuwa tumeombeshwa na hofu. Basi mtu hahitaji kuwa na mali ili aseme hana haja ya kitu. Inatosha hatari ipite.

Kuna dawa moja ninayoikataa. Kule Funu, hapa Bukavu, kilima kinateremka polepole, mwaka baada ya mwaka, na nyumba zinapasuka. Mwenye nyumba anaziba ufa kwa sementi, anapaka rangi, na kilima kinaendelea kuteremka. Ndivyo tunavyofanya maombi yakipoa: tunachanga kununua sono mpya, yaani vyombo vya sauti, tunatangaza kampeni ya injili, tunaalika mhubiri kutoka mbali. Kampeni ni kazi njema kwa wakati wake. Ila ikiitishwa ili kuficha ubaridi, inaongeza kelele tu, na wiki mbili baadaye tunabaki vilevile.

Njia yenyewe iko katika Ufunuo 2:5: "Basi, kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Shikeni utaratibu huo. Wengi wanarukia toba kabla ya kukumbuka, ndiyo maana toba yao haina cha kushika.

Kutaneni watu watano au sita, jioni, nyumbani kwa mmoja wenu, bila ngoma wala kinanda. Kila mtu aeleze alichokuwa akifanya alipookoka. Msiulize alivyojisikia, kwa sababu moyo hupamba mambo ya zamani, ulizeni matendo. Alikuwa akiamka saa ngapi kuomba? Alikuwa akimtembelea nani? Ni deni gani alilipa kabla hajadaiwa? Kisha muulizeni ni lini aliacha, na nini kiliingia mahali pake. Hapo chukueni muda mrefu. Anayejibu haraka sana, mrudieni taratibu, kwa heshima, hasa akiwa mzee wa kanisa, maana vijana humwogopa na hakuna anayemuuliza tena.

Katika toba, taja jambo lenyewe. "Bwana, tusamehe mapungufu yetu" ni sala inayoweza kuombwa miaka ishirini bila kumbadilisha mtu. Mama anayeuza maharagwe sokoni aseme, "Bwana, nimebonyeza tako la kopo langu la kupimia ili lipime kidogo." Asubuhi atafute kopo zima. Mwenye kinyongo amtaje ndugu yake mbele za Mungu, kisha aende kwake kabla ya Jumapili. Hayo mengine yaliyotajwa yabaki ndani ya nyumba hiyo. Kiongozi akiyapeleka nje, hakuna atakayesema ukweli tena.

Halafu matendo. Kila mmoja aandike jina la mtu mmoja anayehitaji mkono wake, si "wajane" wala "wagonjwa" kwa ujumla. Kuna mama aliyejifungua na bado amezuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Kuna kijana aliyeacha kwaya, na sisi tunasema tu kwamba amepoa. Kuna yaya yako, yaani kaka au dada yako mkubwa, ambaye hamsalimiani tangu mgogoro wa kiwanja.

Msifanye kikao cha pili kabla kila mmoja hajafika kwa mtu wake. Mmoja akishindwa, wawili wamsindikize, hata kama ni kupanda hadi Panzi kwenye matope.